Muuza Wimbi Aliyenikataza Kusema Sawa

Shida yangu ilianza mwaka wa 1962, nikiwa na miaka kumi na saba, ziwa lilipopanda likaingia mashambani kwetu na kukaa humo kama mwenye shamba. Nayataja haya leo kwa sababu juma lililopita nililetewa habari kutoka upande wa Wakuria, karibu na mpaka, kwamba mama mmoja aliyekuwa akiuza wimbi amefariki na amekwisha kuzikwa. Habari yenyewe niliipata kwa dereva wa lori, katikati ya mabishano ya bei ya mahindi. Nikamwambia bei ingoje. Huyo mama hakuwa ndugu yangu, wala hatukuwahi kula sahani moja. Lakini kama mimi ni mtu, na mimi ni mtu, yeye ana mkono wake humo.

Wasomaji wangu mnajua shule niliiacha darasa la tatu. Baba alikuwa ametutoka, na mama alitulisha kwa kufinyanga vyungu. Maji yalipofunika mtama yalifunika na udongo wa kufinyangia, tukabaki na vyungu vitano tu. Mama akaniambia nivipeleke milimani, kwa watu wenye wimbi. Nikavifunga kwa nyasi juu ya punda, nikapita Macalder, nikaendelea kupanda. Kwa asiyejua, chungu kilikuwa na bei yake tangu zamani, nayo ni ujazo wake. Ukikitaka changu, unakijaza nafaka. Mimi naondoka na nafaka, wewe unabaki na chungu. Hiyo lakini ilikuwa sheria ya miaka ya shibe. Mwaka wa njaa, mwenye nafaka ndiye mwenye sheria.

Pale sokoni nilifanya kosa ambalo watu wa ufuoni pekee tungeweza kulifanya. Kwetu mgeni akiulizwa habari za nyumbani huzitoa zote, hata za mbuzi. Mama wa kwanza kunisalimu aliniuliza za nyumbani, nami nikamweleza: ziwa limekula shamba, dada zangu wanalala bila kitu. Kiswahili changu kilikuwa kidogo, na chao pia, lakini njaa haihitaji maneno mengi. Kabla umande haujakauka soko lote lilikuwa na habari yangu, na kila niliyemwendea alinipa bei ile ile: nusu chungu. Wakawa wananiita yule wa njaa.

Mwisho nikamfikia yeye niliyeletewa habari ya kifo chake, ameketi nyuma ya magunia yake, sauti ya chini, macho hayatulii. Akakigonga chungu kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akasema nusu. Nikasema sawa, nikafungua mdomo wa gunia langu. Yeye akafunika chungu kwa kiganja.

"Sawa gani?" akauliza. "Nimekutukana bei, wewe unasema sawa?"

Wenzake wakacheka. Mmoja akasema mtoto wa samaki amelowa mpaka kichwani. Nikaanza tena habari za dada zangu, akanikatiza.

"Hiyo nimesikia tangu asubuhi. Mimi sinunui njaa, nanunua chungu. Chungu yako imevunjika?"

"Hapana, mama."

"Basi kataa."

"Nikikataa, na wewe ukiacha?"

"Labda nitaacha. Ndiyo soko hiyo."

Nilisimama pale nikiona wimbi karibu na miguu yangu, na tumbo langu lilikuwa limeshasema ndiyo zamani. Nikakataa. Hakunibembeleza. Nikafunga vyungu juu ya punda, nikapita magunia yote hadi penye mbuzi wa kuuzwa, na hakuna aliyeniita. Sikugeuka nyuma, si kwa ushujaa, nilikuwa nalia. Ndipo nikamsikia: "Wewe wa chungu! Rudi tuongee." Nikafuta uso kabla ya kurudi. Tuliongea mpaka jua likawa utosini. Mimi nasifu udongo, yeye anatafuta kasoro ukingoni. Akafika shingoni mwa chungu, nikakataa. Akajaza mpaka mdomoni, akasawazisha kwa mkono, hata konzi moja ya nyongeza hakuweka. Waliosikia ile bei wakavinunua kwa bei hiyo hiyo vile vinne vilivyobaki.

Nikisimulia haya watu husema alikuwa na huruma. Huruma gani? Nilifanya naye biashara miaka mingi na hakunipunguzia hata punje. Alitaka mtu wa kubishana naye na mwaka ujao, na aliyekubali kutukanwa harudi. Wazee walisema biashara haigombi. Ni kweli, lakini hawakusema inanyamaza. Leo nakwenda Osiri naona vijana wanatoka shimoni na dhahabu waliyoihatarishia maisha. Mnunuzi anakuja na mizani yake, anauliza, "Vipi, kijana, mambo magumu?" Kijana anaeleza karo, anaeleza mke mgonjwa, na bei inashuka kwa kila neno. Halafu anasema sawa. Wanaiita nidhamu. Mimi naiita kujiuza pamoja na mali.

Kwa hiyo nawaambia ninyi mnaoanza bila kitu: taja bei kabla ya kutaja shida. Na ukikataa, ondoka kweli, hata kama machozi yanakutoka, kwa maana anayenunua anajua mguu unaoigiza.

Leo nina mashine mbili za kusaga, moja Migori na moja Homa Bay. Nina duka la nafaka, lori moja kuukuu linalotembea, ng'ombe kumi na wawili, na ekari tisa, zote mlimani. Nina nyumba ya matofali, na ndani yake chumba ambacho mama yangu alizeekea, akafa ameshiba.