Maembe Ndani ya Dishi

Mwaka wa 1997, Hajra wa Kibokoni alianika maembe ya achari ndani ya dishi la setilaiti. Mtu asimcheke. Setilaiti ile hukaa juu ya ikweta, na huku kwetu Mombasa ni kama iko utosini. Dishi halikuinama kama yale ya kwenye picha za Ulaya. Lililala chali darini, pana, jeupe, likiota jua. Kwake lilikuwa sinia.

Basi likaelemewa, likaenda upande, na kriketi ya mumewe kwenye televisheni ikageuka chenga.

Mumewe huyo, Adamji, aliwahi kuuza misumari na makufuli Makadara, kwa sauti iliyosikika hadi ng'ambo ya barabara. Kiharusi kilimwachia ulimi mzito. Mjukuu mmoja akamwiga mbele ya wageni, na tangu siku ile mzee hakutamka neno. Alitazama kriketi kutwa. Hajra alimsemesha, akajibiwa kwa nyusi.

Fundi aliyekuja kulitengeneza, Kiti, alipanda darini, akayakuta maembe.

"Mama, huku umefungua duka?"

"Yatoe tu, mwanangu, usinitangaze."

Kiti akacheka, akalegeza nati. "Setilaiti haijasogea, iko pale pale. Sisi ndio tuliopotea. Nishikie ukingo huu. Nani yuko mbele ya televisheni atuambie picha ikija?"

"Mzee peke yake."

"Basi atatuambia."

Hajra alitaka kusema hawezi, akashika ukingo. Kiti akainamia ngazi.

"Mzee! Imekuja?"

Kimya. Wakasogeza kidogo.

"Imekuja, mzee?"

Kimya. Wakasogeza tena.

"Ba... bado!"

Mikono ya Hajra iliganda kwenye ukingo.

"Bado! Mmepitisha! Rudisheni, wajinga nyinyi!"

Maneno yalitoka yameviringana, kama ya mtu mwenye tende kinywani, lakini hasira ilikuwa ile ile ya Makadara. Wakarudisha.

"Hapo! Hapo hapo! Msiguse!"

Kiti akachukua spana akaze. Hajra akamshika mkono. Macho yalikuwa yamemjaa machozi.

"Sogeza tena kidogo," akanong'ona.

"Mama, si ameshasema imekuja?"

"Nimemsikia. Sogeza."

Kiti akamtazama, kisha akalisukuma dishi kwa kidole kimoja. Chini, Adamji akaanza kufoka upya.