Kwaya Iliyoimba kwa Transfoma

Ongodia hushona maturubai ya malori hapa Malaba, mpakani, upande wa Kenya. Kwaya ya kanisa letu huiongoza yeye kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Panya walipotafuna nyaya za kinanda, hakuomba kingine. Alianza kutuanzishia nyimbo kwa sauti ya transfoma iliyo nguzoni, nje ya dirisha. Ile hunguruma mchana kutwa: mmm. Yeye hufumba macho, huinua kidole, husikiliza, kisha huwageukia mabesi. Wapita njia walidhani tunaiabudu.

Nilimwambia huo ni wazimu. Akasema fundi wa stima alimweleza kwamba mashine za umeme za Kenya na Uganda zimeunganishwa kwa nyaya, zinazunguka kwa mwendo mmoja. Upande mmoja ukilegea, mwingine unaushikilia, ndiyo maana ule mngurumo haupandi wala haushuki. Akaniuliza ni kinanda gani kilicho na nchi mbili nyuma yake.

Mwaka jana mashindano yalifanyika ugenini, ambako hakukuwa na transfoma karibu. Ongodia akatuanzishia kutoka kichwani mwake, juu mno, na Eriaku, besi wetu mnene, akalia kama mbuzi mbele ya padri. Petronilla, mwenyekiti wa kwaya, akatangaza kwamba aibu nyingine kama hiyo na Ongodia atakabidhi kifimbo cha kuongozea.

Mwaka huu tulikuwa nyumbani, tukishindana na kwaya kutoka Tororo, ng'ambo ya mpaka, Uganda. Ongodia alikuja amejipaka mafuta mpaka masikioni. Tukaitwa, tukasimama, akainua kidole.

Stima ikapotea.

Transfoma ikanyamaza. Kidole cha Ongodia kilibaki hewani. Petronilla alikwisha kunyoosha mkono achukue kifimbo.

Ndipo Eriaku, nyuma kabisa, akaanza: mmm. Mazoezi yote yale kando ya dirisha yalikuwa yameiingiza transfoma mifupani mwake. Lakini Eriaku ana pumzi fupi. Sauti ikaanza kuzama, jasho likamtoka. Hapo mzee Emorut, besi wa Tororo, mpinzani wetu kabisa, akaidaka kutoka kwenye benchi lake na kuishikilia palepale. Eriaku akavuta pumzi, akairudia. Emorut akichoka, Eriaku anabeba. Ongodia akashusha kidole, tukaimba vile ambavyo hatujawahi kuimba.

Katika ubeti wa mwisho stima ikarudi. Transfoma ikanguruma, na sauti ilikuwa ileile. Ongodia alilia waziwazi, wala hakujifuta.

Tulishinda, tukapewa mbuzi. Watu wa Tororo wakanung'unika kwamba besi wao ndiye aliyetupa ushindi, na nyama ilipoiva Petronilla alitaka kuwanyima. Ongodia akaweka kifimbo juu ya sufuria.

"Mama, huyu mzee mpatie mguu mzima," akasema. "Bila Uganda, sisi tungezimika."

Petronilla akakata mguu, kisha akamrudishia kifimbo chake kikiwa na mafuta.