Kidole Gumba cha Mguu wa Kulia

Mume wangu alikuwa mcheza karata. Sisemi zile za kupotezea muda Jumapili. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na ukimuuliza shughuli zake alikujibu bila haya, "Mimi ni mtu wa poka." Mtu wa poka! Mwanaume mzima, shamba letu la Pito linaota majani, yeye kutwa ameinamia kreti la soda nyuma ya gesti moja hapa Kizwite.

Balaa lilianza biashara ya mahindi ilipofanywa huria. Wanunuzi wa mahindi wakamiminika kutoka Mbeya, mvua ikaharibu barabara, malori yakalala hapa Sumbawanga wiki nzima na wenyewe hawana la kufanya. Hapo ndipo yeye alipopata wateja. Kila mtu anashika karata tano, na mwenye karata mbovu akijifanya anazo nzuri mpaka wenzake waogope, kashinda. Yaani kazi yenyewe ni uongo, ila unaufanya umekaa.

Alijivunia uso wake. "Uso wangu hausomeki, mama watoto," aliniambia, akijigeuza mbele ya kioo kama bwana harusi. Kweli haukusomeka, maana hakukuwa na kitu cha kusoma. Lakini nilikuwa nimeishi naye miaka tisa. Kila aliponidanganya alikotoka, uso ulitulia tuli, ila kidole gumba cha mguu wa kulia kiliinuka chenyewe kwenye kandambili. Sikuwahi kumwambia. Na wale wenzake werevu walimkodolea macho usoni, hakuna aliyetazama chini.

Siku moja, mvua za kulimia zimeshaanza, alirudi mchana akasimama mlangoni.

"Nimeliwa maksai mmoja kwenye karata," akasema. "Mmoja tu. Mwingine yupo."

Mmoja tu! Maksai wetu walikuwa wawili, wamefundishwa plau pamoja tangu wadogo, huyu kulia na yule kushoto. Ukimtoa mmoja, mwenzake hasogei hata umchape vipi. Mtoto wa darasa la kwanza Ufipa nzima analijua hilo, ila mtu wa poka alifikiri amebakiza nusu. Bila plau hakuna mahindi, na nilikuwa na watoto wanne wa kulisha mwaka mzima. Nilimtukana kwa Kifipa, kisha kwa Kiswahili, maana lugha moja haikunitosha.

Kesho yake asubuhi mshindi akaja kuchukua mali yake. Alikuwa mzee wa Kisukuma, mfugaji aliyehamia huku na mifugo yake. Shujaa wangu alikimbilia chooni akajifungia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama."

Akamfunga maksai kamba, akavuta. Maksai akakita miguu, na mwenzake zizini akaanza kulia. Mzee akatikisa kichwa, maana ng'ombe aliwajua.

"Huyu nikimchukua, hulimi mwaka huu."

"Najua."

"Lakini nimemshinda kihalali."

"Najua, baba. Niachie, nami nikupe kitu kinachomzidi ng'ombe."

Nikamwambia habari za kidole. Alicheka mpaka akashikilia mti wa zizi. Akafungua kamba, akaiviringisha mkononi, akaenda zake. Nilimuuza mume wangu kwa maksai mmoja, na hadi leo naona bei ilikuwa nzuri.

Yeye nilimwambia mzee ametuhurumia, akaamini. Akarudi kwenye kreti lake kifua mbele, na mzee hakuwa mchoyo, aliwaambia wenzake. Mahindi hayajanifika magotini, mtu wa poka alikuwa ameliwa redio, saa, na koti la mtumba alilolipenda kuliko sisi. Akasema amerogwa. Akaenda hadi Chala kwa mganga, akarudi na hirizi, akaliwa vilevile, hirizi ikiwa shingoni.

Wakati wa kulimia maharage alikuja shambani mwenyewe, bila kuitwa, akashika plau. Mimi nilitangulia mbele ya maksai. Tulipofika mwisho wa shamba akasimama, jasho linamtiririka, akaniuliza kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Mama watoto, wewe unadhani ni nani aliyenifanyia hivi?"

"Sijui," nikamwambia, namtazama machoni.

Nilishukuru Mungu siku hiyo nilivaa mabuti.