Nauli ya Mtu Mwembamba

Asheri Sanga alikuwa msoma mizani katika ghala la katani karibu na bandari ya Tanga, na kama ulitaka kumwudhi, ulimwambia kwamba kitu fulani ni kizito bila kutaja ni ratili ngapi. Kwake yeye "kizito" lilikuwa neno la wavivu. Robota la katani lilipowekwa kwenye mizani alilitazama kama hakimu anavyomtazama mshtakiwa, akasukuma jiwe la mizani huku na huku, akataja namba kwa sauti, na karani akaandika. Katika miaka yake yote ya pwani alikuwa ameona kwamba dunia haina siri kubwa: kinachosafiri hupimwa, na kilichopimwa hulipiwa kwa uzito wake. Katani hivyo, chumvi hivyo, mizigo ya gari moshi hivyo. Hakuwa na sababu ya kudhani kwamba binadamu wamewekewa sheria nyingine.

Kwao kulikuwa Ukinga, milima ya kusini kabisa, ambako mawingu hupita chini ya nyumba za watu na umande huganda asubuhi. Alishuka Tanga kama manamba wa kukata mkonge, akamaliza mkataba, akapata kazi ya ghalani, akamwoa Beatrisi, Mbondei wa Muheza, wakapanga chumba Nguvumali. Huko akanenepa. Beatrisi alipika kwa nazi mbili pale ambapo wenzake walitia moja, na Asheri hakuwa mtu wa kumkatisha mke wake tamaa.

Mwaka huo, kiangazi kikiwa kimeanza, akaja Noa, ndugu yake wa ukoo, kuanza mkataba wake mwenyewe wa mkonge. Alileta habari moja. Macho ya mama yake Asheri yalikuwa yanaingia ukungu. Bado alimtambua mtu akisimama mlangoni penye mwanga, lakini mvua zikifika huenda asimtambue yeyote.

"Anataka akuone," Noa akasema. "Hakusema umpelekee kitu. Amesema akuone."

Asheri alikuwa hajaonwa na mama yake tangu vita vya pili vya dunia vilipokwisha. Maneno hayo yalimwuma, na usiku ule hakumaliza chakula, jambo ambalo Beatrisi aliliona mara moja. Kesho yake akaomba likizo. Akapewa wiki mbili, azichukue atakapokuwa tayari kusafiri, na bwana wa ghala akamweleza bila hasira kwamba wiki ya tatu kazi ile itakuwa ya mtu mwingine. Kwa basi, gari moshi, basi tena na miguu, wiki mbili zingemfikisha Ukinga, zimpe nafasi ya kusalimia, kisha zimwishie njiani akirudi. Ndipo alipoanza kufikiria ndege.

Jirani yake mmoja, Mzee Mwinyijuma, alikuwa mchukuzi katika uwanja wa ndege. Asheri akamfuata barazani kwake.

"Shikamoo, Mzee Mwinyijuma."

"Marahaba, mwanangu. Za kwako?"

"Njema. Mzee, ndege inapandwaje?"

"Kwa ngazi," Mwinyijuma akasema. Kisha akamhurumia. "Lakini kwanza wapimwa. Hapandi mtu hivi hivi. Bwana Shauri mwenyewe, mkuu wa boma, nimemwona kwa macho yangu haya, kasimama juu ya mizani na kofia yake mkononi, mpole kama mwali."

Asheri akauliza ni mizani ya namna gani. Akaelezwa. Akashukuru, akaenda zake akiwa na furaha kubwa. Mtu mwingine hapo angeuliza nauli ni kiasi gani. Asheri hakuuliza, kwa sababu hakuna anayeuliza anachokijua: kama abiria hupimwa, basi hulipa kwa ratili, na kama hulipa kwa ratili, nauli rahisi ya kwenda Ukinga ilikuwa ndani ya uwezo wake. Alichotakiwa kufanya ni kuacha kula.

Akaacha wali wa nazi. Akaacha samaki wa kupaka. Bada la muhogo akalimega mara tatu, akanawa. Kila jioni kazi ilipokwisha alimwomba mwenzake Kombo, kijana wa Kipemba mwenye mabega mapana, aondoe robota la mwisho, naye akapanda juu ya mizani, akasukuma jiwe, akajitajia namba yake kwa sauti ile ile ya kazini.

"Yakhe, wewe waumwa?" Kombo akamwuliza siku moja.

"Nasafiri."

"Kaburini?"

Asheri akashuka kwenye mizani. Namba ilikuwa imeshuka, na hilo ndilo lililokuwa na maana.

Beatrisi alikuwa na swali lake mwenyewe. Alivumilia mpaka suruali ya mumewe ilipoanza kufungwa kwa kamba ya katani, kisha akaweka mwiko chini. "Nani anakupikia?" akauliza. "Mwanamume haachi chakula changu bure. Mtaje nimjue."

Ikabidi Asheri aeleze. Beatrisi alisikiliza mpaka mwisho, akacheka mpaka akakaa chini.

"Na haya umeambiwa na nani?"

"Mzee Mwinyijuma."

"Mzee Mwinyijuma anabeba mizigo, Asheri."

"Ndiyo maana anajua."

Asheri alipoona amebaki mifupa na ngozi ya kuistiri, akavaa shati la kanisani, akaenda ofisi ya tiketi mjini. Karani wa pale, Zubeiri, alikuwa kijana wa Kitanga nadhifu, mwenye tarbushi na adabu zake, na alimkaribisha vizuri. Asheri akajitambulisha kwa uzito wake.

"Ratili mia na kumi na nne," akasema. "Nakwenda Njombe, kisha Ukinga kwa miguu. Nifanyie hesabu."

Zubeiri akamtazama. Kisha akamweleza taratibu kwamba nauli ya ndege ni moja kwa watu wazima wote, akamtajia. Ilikuwa zaidi ya mshahara wa mwaka.

"Wote?" Asheri akauliza. "Hata mwenye tumbo?"

"Hata mwenye tumbo."

"Sasa mwawapimia nini?"

"Ili ndege iinuke, kaka."

Asheri hakusikitika kwanza, alichukia. Mtu wa ratili mia mbili na yeye walipe sawasawa! Katika ghala lake jambo hilo lingeitwa wizi na mtu angefungwa. Huzuni ilikuja baadaye kidogo, akiwa bado amesimama pale pale, alipokumbuka mlango wenye mwanga na mama yake akitazama nje. Akasema, kwa sauti ndogo ambayo haikuwa ya kazini, "Mamangu anapofuka. Nilikuwa nataka aniwahi."

Zubeiri naye alikuwa na mama. Akauma kalamu, akafungua mlango wa nyuma, akaongea na mtu, akarudi. Kulikuwa na kindege cha kukodi, akasema, ambacho kingekuja Ijumaa kuchukua chuma cha mashine kukipeleka kwenye mashamba ya miti ya miwati kule Njombe. Kiti kimoja kilikuwa wazi, na rubani alikuwa radhi kukiuza kwa bei ya kutupa. Lakini hakuna aliyefaa. Chuma kilikuwa kizito, Njombe iko juu sana na hewa ya huko ni hafifu, haishiki mbawa vizuri. Rubani alikuwa amesema hatapokea zaidi ya ratili mia na ishirini, mtu na vyake vyote. Alikuwa ameletewa wawili akawakataa.

"Umesema una ngapi vile?" Zubeiri akauliza.

Asheri akarudia namba yake. Alikuwa hajawahi kuitaja namba yoyote kwa raha namna ile.

Kosa lake lilikuwa kwamba ghalani alijipima akiwa na nguo ya ndani tu. Ijumaa asubuhi, uwanjani, alikuja amevaa koti na viatu, na Beatrisi nyuma yake amebeba zawadi: blanketi, chumvi, sufuria na kanga mbili. Rubani, Mzungu kijana aliyeungua pua, alimpandisha juu ya mizani na kila kitu, akatikisa kichwa. Sufuria ikashuka. Chumvi ikashuka. Rubani akatikisa kichwa tena. Zikashuka kanga, vikashuka viatu. Mzee Mwinyijuma, aliyekuwa akipokea vitu hivyo kimoja kimoja, alikuwa anasema "pole" kila mara.

"Bado," rubani akasema. "Toa koti au toa blanketi."

Kwao Asheri, mtu anayerudi kutoka pwani bila koti ni mtu aliyeshindwa maisha. Akavua koti, akampa Beatrisi, akalikumbatia blanketi la mama yake.

"Ukifika ule," Beatrisi akamwambia. Alikuwa amekusudia kusema maneno mengine, lakini alipomwona mumewe peku na shati moja, machozi yalimtoka na hayo ndiyo maneno yaliyopatikana.

Kuhusu safari yenyewe Asheri hakuwa na mengi ya kusimulia. Chuma kilifungwa mikanda kwenye viti vya mbele kama mgeni wa heshima, naye akakaa nyuma yake. Alitapika mpaka Dodoma, walikotua kuongeza mafuta, na kutoka Dodoma aliendelea pale alipoishia. Njombe alishuka akitetemeka kwa baridi, akapata lori la magogo kipande cha njia, kilichobaki akatembea, usiku akilala kwa watu. Watu aliokutana nao njiani Ukinga walimpisha kama anavyopishwa mgonjwa. Aliposema amekuja kwa ndege walikubali kwa upole, maana mwenye homa habishiwi.

Mama yake alikuwa amekaa mlangoni. Asheri akasimama penye mwanga, akaita. Mama akainua uso, akamtazama, na macho yale yalikuwa bado yanaona. Alikuwa amewahi.

Mama hakupiga vigelegele. Alinyoosha mikono, akamshika mashavu, akashuka kwenye mabega, akafika mbavuni, akazihesabu kimyakimya.

"Mwanangu," akasema kwa Kikinga, "huko pwani hawali?"

Asheri akaeleza. Akaeleza mizani, kindege, chuma na hewa hafifu. Mama akasikiliza yote.

"Ndege iliyobeba chuma," akasema, "imeshindwaje kubeba nyama yako?"

Siku zote alizokaa pale Asheri alilishwa ugali wa ulezi, njegere na viazi, hata kwa majirani aliitwa akala, na asubuhi mama alimketisha mlangoni, akamtazama kwa muda mrefu. Lakini nyama hairudi kwa siku chache. Asubuhi ya kuondoka mama alimtazama mara ya mwisho, akasema, "Basi, nimekuona," akajifunika blanketi jipya, akaingia ndani. Asheri akalia njia nzima ya kushuka mlima. Tanga alirudi kwa basi na gari moshi, akafika likizo ikiwa bado haijaisha, na jioni ile Beatrisi akampakulia.

Mvua zilipofika, mama yake akapofuka kabisa. Asheri alinenepa kuliko zamani, na suruali zake zikaongezwa kitambaa kiunoni. Noa, mkataba wake ulipokwisha, alikwenda nyumbani, na Asheri akamwagiza kwa mkazo: mwambie mama mimi ni mnene, mwambie nina shavu.

Noa aliporudi Tanga alisema ujumbe ameufikisha. Mama alimshukuru, akamsifu kwa moyo wake mzuri wa kumfariji kikongwe. Kisha akamwambia kwamba hana haja ya kuambiwa, mwanawe amemwona mwenyewe kwa macho yake. Kila Jumapili alimwomba mchungaji asimsahau Asheri wa Tanga, na kanisa zima liliinamisha vichwa kumwombea apate chakula.

Noa alidhani Asheri atacheka. Asheri alisogeza kando sahani yake ya wali, akamwuliza kama mama alikuwa na afya nzuri.