Ini la Dada Mkubwa

Mama na mdogo wake, baba mmoja mama mmoja, walipata ugonjwa wa moyo kama walivyorithi nyumba zao za Mji wa Kale: kwa pamoja na kwa kuzozana. Wote wawili waliandikiwa dawa ileile ya kuzuia damu isigande. Mama mdogo alipewa kidonge kizima. Mama, aliye mkubwa, akapewa nusu.

"Mimi nilomlea, leo yeye yuwala kizima nami nakatiwa?"

Nilicheka. Haikupita wiki, akipiga mswaki anatema damu, na mikono imejaa mavilio ya damu. Kumbe alikuwa akimeza kizima kimyakimya, kulinda cheo.

Daktari hakuzunguka: akiendelea hivyo atavuja damu ndani kwa ndani, na huenda tukachelewa kujua. Ini lina vimeng'enya vinavyoivunja dawa, akaeleza, na vya Mama, kwa maumbile, vinafanya kazi polepole.

"Hata ndugu wa tumbo moja hutofautiana?" nikauliza.

"Hata wao. Tena dozi za vitabuni zimepimiwa zaidi watu wa mbali. Sisi wa pwani, na mchanganyiko wetu huu, tumechunguzwa kidogo mno. Kwa hivyo tunaanza kwa kukisia, kisha tunapima damu."

"Sensa ilihesabu hata mbuzi," Mama akasema. "Ini langu wakalipita?"

Nyumbani nikashika zamu mimi, msomi wa familia. Nilichora ini, nikachora vimeng'enya vikitembea kwa mkongojo.

"Umesomeshwa uje unambie ini langu vivu?"

"Si vivu, Mama. Halina haraka."

Akafikiri. "Yaani halina pupa."

"Halina."

"La mdogo wangu ndilo lafakamia."

Sayansi haisemi hivyo. Lakini kati ya sayansi na mama yangu, nilimchagua mama. "Linafakamia, Mama."

Siku hiyo alimeza nusu yake kama mwanamke muungwana anavyobakisha biriani sahanini. Kipimo kilichofuata kikatoka sawa. Aliporudi kutoka kliniki, hata buibui hakuvua; akaenda moja kwa moja kumpa mdogo wake habari za maini yao.

Baada ya Alasiri mama mdogo akanipigia simu.

"Mwanangu, kuanzia leo na mimi nala nusu. Mimi si mlafi."

Akipunguza, damu yake itaganda. Nikavaa viatu, nikaenda kulisifu ini lenye pupa.