Saini Mbili za Ngusa

"Mimi zebaki naipakaa kama mafuta ya nazi! Miaka kumi na tisa, hata mafua siyajui!"

Ngusa alinguruma hivyo mbele ya mkutano wa hadhara, kwenye mwalo wa kuoshea dhahabu nje kidogo ya Kahama, siku wataalamu wa afya walipokuja kueleza jinsi zebaki inavyoharibu mishipa. Alichovya mkono kwenye beseni la zebaki, akaunyanyua juu, matone yakimtiririka. Watu wakapiga makofi. Alipoona makofi yanazidi, akachovya na wa pili.

Siku hiyohiyo Bujiku, mwenye mwalo, aligawa glavu za mpira. Kila mfanyakazi akasaini daftari, akavaa, akapigwa picha. Gari la wataalamu lilipoondoka tu, glavu zikatiwa kwenye kiroba na kupelekwa kwa pikipiki mwalo wa shemeji yake Bujiku, maana huko wageni walitarajiwa alasiri. Aliyezikusanya kwa bidii, akizipanga jozi kwa jozi kama muuza soksi, ni Ngusa huyohuyo.

Baada ya miaka mitatu mikono ikaanza kutikisika. Alisingizia kahawa, kisha baridi ya Juni, kisha wachawi wa upande wa mkewe, ambao kwa kweli hawakuwa na muda naye. Chai ikawa inaishia kifuani. Vifungo vya shati akawa anafungwa na mkewe, Rhoda. Huko Mwanza walimpima mkojo, wakakuta zebaki, wakampa karatasi. Bujiku alimfukuza kazi kabla hajamaliza kuisoma.

Rhoda ndiye aliyemburuta hadi kamati ya usuluhishi ya kijiji kudai fidia: gharama za matibabu, na chochote cha kumlisha mtu asiyeweza tena kushika beseni.

Bujiku alifika na shati jipya na tumbo la zamani. "Shikamoo, mama mwenyekiti. Mimi sina maneno mengi. Shahidi wangu ni mdai mwenyewe." Akabonyeza simu, ikacheza video ya siku ile ya mkutano. *Mimi zebaki naipakaa kama mafuta ya nazi!* Kamati ikaangua kicheko. Ngusa mwenyewe nusura acheke. Ilikuwa sauti nzuri, ya mwanamume mwenye mikono yake.

"Na daftari hili hapa. Glavu alipokea, akasaini. Kama alizisongea ugali, mimi nimfanyeje?"

"Tulizivaa robo saa!" Ngusa alifoka. "Zikaondoka na pikipiki!"

"Aliyezikusanya nani?"

"Ni mimi," Ngusa akajibu, kichwa chini.

Mwenyekiti, Mama Apolonia, aliamua kwamba madai hayana msingi. Karani akaandika, akamsogezea Ngusa karatasi asaini kwamba ameusikia uamuzi. Kalamu ikaruka huku na huku, ikatoboa karatasi mara mbili. Karani akalinganisha na daftari la glavu, akakunja uso.

"Mzee, hii haifanani na saini yako. Usituchezee hapa."

Rhoda akasimama. "Rudia hapo hapo, baba. Haifanani?"

Alinyakua karatasi na daftari, akavibwaga pamoja chini ya pua ya mwenyekiti. Saini ya kwanza ilinyooka, ikiwa na mkia wa madaha. Ya pili ilikuwa nyayo za mende aliyepuliziwa dawa.

"Mkono ni uleule. Katikati hapo kimepita nini? Hiyo tofauti ndiyo kesi yangu mnayosema haina msingi!"

Mama Apolonia alizitazama saini zote mbili kwa muda mrefu, hata Ngusa akathubutu kuinua kichwa. Bujiku akakohoa. Mwenyekiti akafunga daftari.

"Uamuzi umeshaandikwa, Rhoda. Mumeo aweke dole gumba, yaishe."

Karani alilishika dole la Ngusa kwa mikono miwili ili litulie, akalikandamiza.

"Wabeja, mayu," Bujiku akamshukuru mwenyekiti kwa Kisukuma. Mlangoni akampiga Ngusa begani. "Siku nyingine ukiona kamera, mzee wangu, funga bakuli."

Stendi ya Kahama, wakisubiri basi, waliketi mbele ya duka la vifaa. Glavu za mpira za aina ileile ya Bujiku zilikuwa zinaning'inia mlangoni, ndefu hadi kwenye kiwiko. Rhoda akauliza bei.

Jozi moja, shilingi elfu sita.