Kiungo cha Waya Chini ya Zulia

Nathanaeli wa Akheri alikuwa na mazoea ambayo mafundi wenzake wa umeme wa magari walimcheka kwayo. Kabla ya kugusa waya wa mtu alivua kofia, akainamisha kichwa, akanong'ona maneno mawili matatu na Mungu wake. Ndipo aliposhika taa yake ya kupimia, balbu ya pikipiki iliyofungwa nyaya mbili ndefu. "Umeme hauonekani," alikuwa akisema, "na Mungu haonekani. Anayeshughulika na visivyoonekana asiwe na haraka."

Jumamosi moja ya mwaka 1992 kofia ilikuwa mkononi, na mbele yake, kando ya migomba, ilisimama MG ya kijani ya viti viwili, gari la Kiingereza lililoachwa na mzungu mmoja wa kahawa. Mwenyewe sasa ni Mzee Ndesanjo, mfanyabiashara wa Njiro. Uani kwake palijaa magari ya Kijapani, kama ilivyokuwa kwa kila mwenye uwezo miaka ile, lakini moyo wake ulibaki kwenye kigari hiki.

"Meku, mzee wangu, nisaidie," alisema Ndesanjo. "Pale Kikatiti nilikata kushoto, indiketa haikuonyesha kitu, na lori liko mgongoni. Tumeponea chupuchupu. Mama Violet hapandi tena. Anasema atakwenda kanisani kwa miguu."

"Kutoka Njiro?"

"Ndivyo anavyosema. Na yote haya ni ya Manase wako. Alinibadilishia flasha, siku tatu tu, ikawa hivyo. Jumatatu anahama kwenye kiwanja changu."

Manase alikuwa mwanafunzi wa Nathanaeli zamani. Sasa alikuwa mtu mzima, Mchaga wa Marangu, baba wa watoto watatu, na gereji yake ndogo ya Tengeru ilikuwa kwenye kiwanja cha Ndesanjo. Nathanaeli hakumtetea. Tena Jumapili iliyopita, kwenye mnada wa sadaka baada ya ibada, watu walipoulizana habari za gari lile, yeye alisema kwa sauti, "Manase? Yule hata tochi asipewe, ataiunguza!" Watu wakacheka. Manase naye alikuwapo, amembeba mtoto begani. Alicheka pamoja nao, kisha akaondoka bila kununua hata mkungu mmoja wa ndizi.

Nathanaeli akawasha indiketa ya kushoto. Taa ya mbele iliwaka ikaganda, haikupepesa. Ya nyuma ilikuwa gizani, na badala yake ile nyekundu ya usiku ikapata mwanga hafifu, kana kwamba umeme umepotea njia ukaenda kugonga kwa jirani. Akaichomoa flasha ya Manase, kile kidude kinachofanya taa ipepese, akaijaribu kwa betri na balbu nyingine. Tika, tika, tika. Nzima kabisa.

Akachukua waya mrefu, ncha moja kwenye kikombe cha taa ya nyuma, nyingine kwenye betri, upande wa bodi. Taa ya kushoto ikaanza kupepesa, mbele na nyuma, kama haijawahi kuugua. Basi ugonjwa ulikuwa kwenye ethi, waya unaorudisha umeme kwenye bodi. Akafungua buti, akainua zulia, akaufuata kwa vidole.

Vidole vilimjulisha kabla ya macho. Kipande cha tyubu ya baiskeli, kimezungushwa mara mbili, kimefungwa kwa uzi wa katani, na ncha ya uzi imefichwa chini. Hakuna mwingine Meru nzima aliyefunga hivyo ila yeye na aliowafundisha. Na gari hili alilitengeneza mwenyewe mwaka 1983, wakati wa shida, nyaya hazipatikani Arusha wala Moshi. Alikata waya mwembamba kwenye redio mbovu ya dada yake, akajiambia: hii ni ya kushikilia tu, waya mzuri ukija nitarudi. Waya ukaja. Maduka yakajaa marobota ya kila rangi, akanunua, akafungia magari ya watu wengi. Hapa hakurudi.

Akafungua mpira. Ndani shaba ilikuwa imekuwa unga wa kijani.

"Baba Violet, njoo uone. Huu ni mkono wangu."

Ndesanjo alitazama, akatazama na barabarani. "Nani kakuona? Weka waya mpya, tuseme flasha. Manase nitamwacha akae, yaishe."

"Kwako yataisha. Na wale waliocheka?"

"Watasahau."

"Yeye hatasahau," alisema Nathanaeli, akaanza kukwangua kutu kwa msasa.

Kesho yake mnadani, Eliya aliyekuwa akinadi kuku alimwona mzee anakuja mbele na jani la isale. Utani ulimtoka: "Mzee leo kaleta majani! Nianzie ngapi?" Hakuna aliyecheka. Kila mtu pale alijua kwamba isale huletwa na aliyekosa, na Mchaga akiletewa hawezi kukataa kusamehe. Lakini nani aliwahi kuona mzee akimpelekea mtu wa umri wa mwanawe?

"Manase," alisema Nathanaeli, "niliwafanya watu wakucheke hapa hapa. Gari halikuharibiwa na wewe. Kilichoharibika ni hiki, na nilikifunga mimi." Akafungua leso, akaonyesha kile kipande cha waya na mpira wake.

Manase alilipokea jani kwa mikono miwili. Kisha akakichukua kile kiungo, akakigeuza geuza.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Zulia lile nililiinua. Nilipouona uzi wako nikalirudisha. Nikasema, pale ni kazi ya mwalimu, pasiguswe." Akakuna kidevu. "Na mimi, mwalimu, nimefunga hivi hivi magari mangapi. Ulivyonifundisha."

Nathanaeli aliikunja leso tupu. "Unayakumbuka?"

"Mengi."

"Basi kesho asubuhi nitakuja Tengeru na robota la waya. Tutayatafuta moja moja."

Akavua kofia. Manase hakuwa na kofia. Akainamisha kichwa tu.